Gari Mlilotaka Niuze

Akina mama, mmeniwekea kiti hapa mbele, asanteni, lakini haya nitakayosema yanataka mtu asimame. Na wale waliokuja kwangu kuniomba niuze gari, nawaona. Sitamtaja mtu. Msiinamishe vichwa, kunyweni chai.

Mnajua mimi ni nesi. Miaka kumi na tisa, Kenya na hapa Marekani. Mchana mmoja, wodi imejaa, nilimdunga mgonjwa insulini nyingi kuliko aliyoandikiwa. Sukari ikashuka, akazimia mbele yangu. Alipona, Mungu ni mwema, lakini kazi ilikwenda, na leseni ikasimamishwa mpaka kesi yangu isikilizwe. Ninyi niliwaambia nimechukua likizo. Niliwadanganya. Ndugu zangu, nilifika mahali hata kukata kitunguu mikono inatetemeka, nikawa nanunua vilivyokatwa tayari.

Nikaenda mji wa Sugar Land kumpikia na kumfulia mzee mmoja Mmarekani. Ndani ya gereji yake kulikuwa na gari alilokuwa akiliunda mwenyewe, nakala ya gari la mashindano la zamani, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikuwa nusu. Chesi ipo, injini ipo, bodi ya faiba imeegemea ukuta, na vilivyobaki vyote viko kwenye maboksi. Ugonjwa wa kutetemeka ulimkamata kabla hajamaliza. Binti yake alipoamua kumhamishia nyumba ya wazee, Mzee akaniambia, "Lichukue. Mimi siwezi tena."

Nikamwambia mikono yangu haifai, nikamsimulia habari ya insulini.

"Yangu inatetemeka kwa ugonjwa," akasema. "Yako ni woga. Si kitu kimoja."

Nikakasirika. Kwa hasira hiyo hiyo nikalichukua, na lilipoingia kwangu Arlington juu ya trela, jirani alinipa pole akidhani nimepata ajali.

Nikaanza. Kitabu cha maelekezo huku, daftari langu kule, kama niko kazini. Kila nati niliyoikaza niliipaka rangi ya kucha nyekundu, nijue imekwisha. Nilikuwa sina kazi, lakini asubuhi nilikuwa na sababu ya kuamka.

Ndipo mkaja. Watu watano, chapati kwenye hotpoti, thamosi mbili za chai. Mkaomba, mkala, halafu mkatoa yaliyowaleta.

"Mama, unajua watu wanasema nini? Wanasema umechanganyikiwa. Miaka hamsini na mbili, uko chini ya gari. Kuna mtu ako tayari kuli-pick hata kesho."

"Siuzi."

"Basi tafuta fundi."

"Fundi ni mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu nilikuwa naogopa. Leo nasema tena kwa sauti hiyo hiyo, ila siogopi.

Wiki iliyofuata mmoja wenu akarudi kuchukua hotpoti yake. Ni dada yetu kutoka Tanzania, naye ni nesi. Sasa, ninyi mnajua hotpoti ya mtu hairudi tupu, nami sikuwa nimepika. Nikabandika wali, nikamwomba asubiri. Akanifuata gereji, akakaa juu ya ndoo, akavaa miwani.

"Breki umeshamaliza, dada?"

"Nimemaliza. Ona rangi."

"Nani alikusomea?"

Nilikuwa peke yangu. Kwa wasio manesi, niwaeleze. Dawa ya hatari haitolewi na mtu mmoja. Mmoja anasoma, mwingine anagusa na kurudia, ndipo mnaweka alama. Akachukua kitabu, akaanza kusoma, nami nikaanza kugusa na kurudia. Tulipofika gurudumu la mbele, kushoto, akasoma, "Vipete vya shaba viwili, kimoja kila upande wa mpira wa mafuta ya breki."

Nikagusa. Kilikuwa kimoja. Cha pili kilikuwa bado kwenye kikopo, na bolti imeshapakwa nyekundu. Ningetoka hivyo barabarani, breki zinavuja, nami ndani.

Nilikaa sakafuni nikalia. Nikamwambia jambo ambalo hata Mzee sikumwambia. Siku ile ya insulini msomaji alikuwepo, hatua kumi kutoka niliposimama. Lakini asubuhi alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mimi niko slow, nami nikaona heri nife kuliko kumwita. Nikajiandikia kwamba imesomwa na wawili, nikatia sahihi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole.

"Lile lilikuwa kosa baya," akasema. "Hili tumelikamata. Haya, fungua bolti."

Wali ukaungua. Nikampa hotpoti imejaa ukoko, akaipokea.

Jumamosi iliyofuata nilifuta rangi nyekundu yote, gari zima, tukaanza kusoma upya tangu ukurasa wa kwanza. Na siku ya kusikilizwa kuhusu leseni, niliyasema yote kama nilivyowaambia leo, pamoja na ule uongo wa sahihi. Ningeweza kuuficha. Sikuuficha. Wakaniruhusu nirudi chini ya uangalizi. Nimerudi. Mikono imetulia, na siku isipotulia namwita mtu, hata kama aliniudhi asubuhi.

Gari liko hapo nje, mmelipita mkiingia. Milango yake haifungi vizuri, na mvua ikinyesha nalowa. Mwezi uliopita nili-drive mpaka Sugar Land. Mzee tulimwinua wawili, mimi na mhudumu wa nyumba ya wazee, tukamkalisha kwenye usukani, akapiga honi mpaka jiko zima la nyumba ile likatoka nje kuangalia.

Namshukuru yeye. Namshukuru mgonjwa yule, ambaye sitamtaja, kwa kuwa hai. Nawashukuru hata ninyi mlioleta chapati na ushauri mbaya, maana bila hotpoti ile nisingekuwa hapa. Ninalowaachia ni moja. Usiweke alama kabla hujasomewa, na usichague msomaji kwa kuwa anakupenda.

Bado wako wanaoniuliza nitauza lini. Siuzi. Lina viti viwili, kimoja ni changu. Anayetaka cha pili aje na miwani yake.