Elijah Mathenge Gichuki, Fundi wa Inchi na Milimita (1971–2025)

Elijah Mathenge Gichuki alizaliwa hapa Mweiga tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa pili wa marehemu Gichuki na Mama Wakonyo. Mama yuko nasi, ameketi pale mbele. Anasema kijana wake alichelewa kusema, na hata alipoanza hakuwa na haraka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, kisha sekondari hadi 1989. Hesabu alizila kama mkate. Insha zilimshinda, na mwalimu wake wa Kiswahili alizoea kumwandikia, "Mathenge, sema zaidi." Mwaka 1992 alipata cheti cha ufundi wa mitambo.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Watiri. Pete ya uchumba aliichonga mwenyewe kwa shaba, bila kumpima bibi harusi kidole, na ikamtosha. Watiri alipomuuliza alijuaje, alijibu, "Nilikuangalia tu." Jamani, huyo ndiye aliyeshindwa na insha!

Kazi aliianza 1993 katika karakana ya vipuri mjini Nyeri. Mwaka 2009 karakana ilinunua mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, naye akawa wa kwanza kuielewa. Mashine kuukuu za kumenya kahawa, kama zile za kule Kiriaini, vipuri vyake hupimwa kwa inchi. Vya viwanda vya majani chai ni milimita. Basi kompyuta ilibadilishwa kipimo kila mara, asubuhi hiki, mchana kile. Inchi moja ni milimita ishirini na tano na kitu. Fundi akisahau kubadilisha, kompyuta ile haimuulizi, inakata tu.

Sasa yafuatayo baadhi ya jamaa hawakutaka yasomwe. Dada yake Kabura, anayewasomea, amekataa kuyaruka, na Watiri amemuunga mkono.

Jumanne, tarehe 14 Juni 2016, Mathenge alimaliza kipuri cha kahawa, akaiacha mashine kwenye inchi na kwenda chai. Mwenzake, Bw. Khisa, aliingiza kazi ya kiwanda cha majani chai. Kisu kilichotakiwa kuingia milimita mbili kikaingia inchi mbili. Kikagonga taya zinazoshika chuma, na mashine ikaharibika kabisa. Meneja aliwakusanya wote uani, akauliza, "Nani aliweka hii kitu inchi?" Mathenge alitazama viatu vyake. Wiki hiyo alikuwa anangojea kufanywa msimamizi. Khisa alifutwa kazi pale pale, na habari ikamtangulia hadi Karatina na Nanyuki. Hakuna karakana iliyomruhusu tena kugusa mashine. Tangu hapo anachomelea mageti Kiganjo.

Mathenge aliupata usimamizi. Kutoka siku hiyo hakuna kazi iliyoanza kabla hajauliza kwa sauti, "Inchi ama mili?" Watu walimsifu kwa uangalifu, na hata familia ilijivunia. Kumbe dhamiri ilikuwa inamsuta, na ilimsuta miaka tisa.

Februari mwaka huu alipatikana na saratani ya koo. Mwezi Julai, sauti ikiwa imebaki kidogo, alimtuma Watiri amwite Khisa, akamwambia yote. Khisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua, mzee," akasema. "Ile siku niliangalia screen nikaona iko inchi, na si mimi niliweka. Nilikuwa nangoja tu useme."

"Basi nisamehe."

"Hapa tuko watatu na mkeo, Mama Ben. Mimi nilifutwa mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

Mathenge aliahidi kwenda karakana. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili miguu ilimkatalia getini kwake. Ndipo akamwambia Kabura, "Uandike, na usipunguze." Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Imetuuma, kwa kuondoka kwake na kwa alichokificha pia.

Ameacha mama yake Wakonyo, mkewe Watiri, watoto wao Ben na Tabby, mjukuu mmoja, na dada yake Kabura. Hao wamesimama mkawaona.

Wafanyakazi wa karakana mko hapa, na meneja wenu yuko. Familia inamwomba Bw. Khisa, aliyeketi nyuma ya hema, naye asimame. Mtazameni vizuri. Mashine ile iliharibiwa na Mathenge.

Mungu amsamehe ndugu yetu, ampe pumziko.