Miaka Thelathini na Moja ya Kujenga na Kubomoa

Mwalimu wetu wa uashi, ambaye chuo kizima kinamwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ambayo fundi hupimia ukuta uliosimama wima, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kufundisha watu wazima kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alilipata kihalali. Picha ikining'inia upande pale ofisini, chai yake itapoa, lakini hakai mpaka ameinyoosha.

Alianza na wanafunzi wanne na ndoo mbili. Tangu hapo wamepita mikononi mwake madereva walioachishwa kazi, kina mama wa nyumbani, na babu mmoja aliyesema amechoka kudanganywa na mafundi. Mama mmoja alifika siku ya kwanza na viatu vya kwendea harusini. Timazi hakumcheka. Alimwazima buti zake, mwenyewe akashinda na kandambili. Leo mama yule ni msimamizi wa ujenzi, na nasikia ni mkali kuliko mwalimu wake.

Wageni hushangaa kwamba fundi wa miaka yote hiyo hana ukuta hata mmoja hapa chuoni. Darasa la uashi hujengea udongo na chokaa, bila saruji, na muhula ukiisha ukuta hubomolewa ili matofali yatumiwe na darasa linalofuata. Kila mwaka wanafunzi humwomba auache, walau watoto wao waje wauone. Huwajibu kwamba matofali si yao, ni ya wenzao walio njiani. Kisha husubiri waondoke wote, akaubomoa peke yake na kuyakwangua matofali moja moja.

Nimemtazama akifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, kupitia dirisha la stoo ninayoitunza. Tangu mkewe afariki, kazi ya siku moja alikuwa anaivuta wiki nzima. Nilijua kwa nini: nyumbani hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Hata hivyo sikuwahi kutoka kumsaidia. Nilimpa brashi ya waya, akasaini daftari, basi.

Safari hii ukuta bado umesimama. Ofisi imesema wasipopatikana waombaji wanane, darasa la uashi litafungwa na hataajiriwa mwalimu mwingine. Timazi amezunguka kwenye majengo yanayojengwa akigawa fomu kama anayealika watu kwenye harusi ya mwanawe. Amepata saba. Wiki iliyopita nilimkuta amekalia mfuko wa chokaa, anautazama ule ukuta. Aliniambia, bila kugeuka, kwamba hajui aubomoe kwa ajili ya nani. Nikarudi stoo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote: asante, Mwalimu. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na wageni wengi wa kubisha hodi mlangoni kwako.

Nami nina langu la kukiri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kujifunza kwako, nikaishia dirishani. Nasikitika sana. Jana asubuhi nilipeleka ofisini fomu ya nane, yenye jina langu, na imepokelewa. Ukuta sisi wanane tunaubomoa Jumatatu. Tafadhali njoo, usituache wenyewe.