Alitaka Kila Samaki Azae Kwanza

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na ziwa. Kwao hakukuwa na mvuvi hata mmoja. Baba yake aliogopa maji, na alimkataza kabisa kwenda ufukweni, lakini katazo hilo halikumaliza wiki. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anasema alikuwa mtoto wa kuuliza mpaka mtu unachoka. "Sisi tunakula samaki, yeye anauliza alikuwa na umri gani."

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari ya bweni mwaka 1977. Chuo kikuu alisomea viumbe wa majini, akahitimu mwaka 1981. Mwalimu mmoja alimshauri ahamie masomo mengine, kwa kuwa kwenye boti ya utafiti hakuna choo. Akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, si hata wewe choo utakihitaji?" Hakuhama.

Mwaka 1982 aliajiriwa kituo cha utafiti wa samaki. Kazi yake ilikuwa kwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, awapime urefu na kuwapasua tumbo aone kama wameshakomaa kuzaa. Wavuvi wakamwita Mama Matumbo, naye akaitika. Alinawa kwa ndimu kila jioni, lakini paka wa mtaa mzima waliendelea kumsindikiza mpaka mlangoni.

Takwimu zake za mwaka wa kwanza zilipendeza mno. Samaki wote wakubwa, wote wameshazaa. Wakuu wake walifurahi. Yeye roho yake ilikataa, maana njiani kurudi nyumbani aliona kwenye makarai ya wakaangaji visamaki vya urefu wa kidole. Siku moja akaenda mwaloni bila kutarajiwa, akafunua turubai lililokuwa pembeni. Chini yake wadogo walijaa tele.

"Mbona hawa hamnionyeshi?" akauliza.

Mvuvi mmoja akashangaa kweli kweli. "Aa, dada, hao nao ni wa kuonyesha? Tulikuwa tunakuchagulia wazuri. Mgeni utampaje vibaya?"

Hawakuwa na nia mbaya. Walimtendea kama mgeni wa heshima, na heshima hiyo iliharibu kazi ya mwaka mzima. Alizifuta takwimu zote, akaomba kuanza upya kwa nyavu zake mwenyewe. Alitaka kutega nyavu za macho madogo, ya kati na makubwa mahali pamoja, aone kila mmoja unakamata samaki wa namna gani.

Ndivyo alivyoingia kwenye duka la nyavu karibu na stendi, akataka mmoja wa kila aina. Kijana mwenye duka akamtazama.

"Dada, kwani unavua samaki gani?"

"Wote."

"Basi wewe hujui kuvua."

"Ndiyo maana nanunua."

Kijana huyo ndiye babu yetu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu. Babu alipenda kusema kwamba alimpata mteja mmoja akapoteza faida yote. Alisema akicheka, lakini haikuwa mzaha mtupu.

Kwa sababu mwaka 1991 majibu yalitoka. Nyavu za macho madogo zilikamata samaki ambao hawajazaa hata mara moja, na hizo ndizo zilizojaa duka la mumewe kutoka sakafuni mpaka darini. Marehemu aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiku alilijua, asubuhi akalipeleka ofisini vilevile, bila kupunguza namba hata moja.

Kwenye mkutano wa wavuvi mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "Aanze na duka la mumewe!"

"Nimeshaanza nalo," akajibu. "Mnadhani leo nimeamkia chai?"

Watu walicheka, na hapo ndipo walipoanza kumsikiliza. Maofisa walitaka nyavu ndogo zikusanywe zichomwe moto. Yeye alikataa. Alisema wavu ni jembe la mtu, humchomei mwenzio jembe halafu ukamwambia alime. Ziachwe zichakae zenyewe, ila mpya zisiuzwe. Wakamkubalia.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Kwa muda mrefu babu alisema naye kupitia watoto tu. "Mwambieni mama yenu chumvi imezidi." Naye kutoka jikoni, "Mwambieni baba yenu maji yapo." Ni lini hasa babu alikubali, hajasema mpaka leo. Watoto waliona tu rafu za mbele zimejaa nyavu za macho makubwa, na chumvi ikaanza kutajwa moja kwa moja.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali mbalimbali. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha, na wavuvi waliokuja kumjulia hali aliwahoji wao kuliko walivyomhoji yeye.

Mwezi huu uliitishwa mkutano wa kurudisha nyavu ndogo, kwa kuwa samaki wamekuwa adimu. Alitaka kwenda. Alijaribu kusimama, miguu ikagoma. Babu akavaa koti lake, akaenda yeye.

Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Wamesemaje?" bibi akauliza.

Angeweza kumdanganya apate kulala. Hakumdanganya. "Hawajakubali, hawajakataa. Vijana wanasema maisha magumu, na hawasemi uongo."

"Na wewe?"

"Nimewaambia mimi nimeuza ndogo, nimeuza na kubwa, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha biashara. Nikasema kabla ya kubadili kitu, wapime samaki kwanza. Basi, watapima."

Bibi akamshika mkono. "Wakipima wataona wenyewe," akasema. "Sina wasiwasi nao tena."

Alifariki asubuhi yake, tarehe 12, babu akiwa kando yake.

Ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, na wanafunzi wake walioko vituo mbalimbali vya utafiti. Upimaji unaanza wiki ijayo. Babu amesema atakuwepo, na hataki mtu wa kumshika mkono.

Mungu amlaze salama mama huyu, naye apumzike kwa amani yote.