Cleophace Rwegoshora na Hotuba ya Butura

Wazee wetu shikamooni, na wote mliofika poleni kwa msiba. Mimi ni Anastazi, mdogo wake marehemu, familia imenituma niyasome maisha yake kama yalivyokuwa, si kama wengine wangependa yasomwe.

Cleophace Rwegoshora alizaliwa Nyakatuntu tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa mama yetu Benadeta, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1986, akaishia darasa la saba, ingawa kwa maneno hakuna aliyemweza.

Mwaka 1998 alihamia Ihanda, akaajiriwa na mzee Shaaban kwenye kibanda cha video, kazi yake kuwatafsiria watazamaji sinema za nje kwa Kiswahili, na tarehe 5 Juni 1999 alifunga ndoa na Eustadia, wakajaliwa Vero na Egbert.

Sinema iliyompa jina ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi, ya Watamili wa India, inahusu kibarua wa mpunga aliyemshtaki tajiri wake, na Shaaban alimweleza kwamba walioitunga walikuwa wanasiasa, ile hotuba ndefu ya mahakamani waliiandika kwa makusudi, ikawapa kura nyingi kuliko mikutano yao. Marehemu hakujua Kitamili hata salamu. Kwenye hotuba ile alitia maneno ya kwake, yule tajiri akamwita Butura, jina la biashara ile ya huku kwetu ya kununua kahawa ya mkulima mwenye shida ingali maua, kwa bei ya kutupa, na watu walijaa kibandani wakasikiliza wamesimama, walanguzi wakawa wakipita barabarani wanazomewa Butura, Butura.

Mwaka 2015 mheshimiwa mmoja, ambaye tumeketi naye humu turubaini, aliichukua hotuba ile neno kwa neno, akaisema jukwaani kwenye kampeni, akashinda, wala hakumtaja mwenyewe. Baadaye kibanda kikafungwa, eti kinapotosha vijana, na mawakala wake mheshimiwa wakaanza kupita mashambani wakinunua butura. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Agosti 2024 marehemu alikutwa na saratani ya koo, sauti ikakatika kabisa, na ili shemeji yangu Eustadia ampeleke Mwanza kwa matibabu, kahawa ya hapa nyumbani iliuzwa ingali maua, na aliyeinunua mnamjua. Alifariki tarehe 9 mwezi huu wa Februari 2025. Inaniuma, sitawaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi na kuleta ndizi, na mzee Shaaban aliyekesha nasi. Mheshimiwa tunamshukuru kwa shada la maua, lakini ameomba aseme machache, na familia imekataa, kwa sababu katika hayo machache hatujui yapi ni ya kwake.

Pumzika kwa amani, kaka, leo hakuna atakayesema kwa maneno yako.