Aliyebisha Hodi kwa Waliolala

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mhudumu wa chumba cha maiti wa hospitali yetu ya kanisa alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 28 Juni. Wengi tunamjua kwa jina la Bwana Hodi. Aliyepakana naye ukuta kwa muda mrefu kuliko wote ni mimi wa chumba cha kufulia, ndiyo maana kazi ya kuandika neno hili la kumuaga imeniangukia.

Aliajiriwa kufyeka majani. Mhudumu wa zamani alipoacha kazi ghafla, matroni wa wakati ule alimwomba ashike ufunguo kwa wiki moja tu, mpaka apatikane mtu. Akaitikia, maana hakuwa na mazoea ya kumkatalia mkubwa. Mtu huyo hajapatikana hadi leo, na majani yameshafika dirishani.

Jina lake lilitokana na tabia yake. Hakuwahi kuingia chumba kile bila kugonga mlango, kuita hodi na kusubiri kidogo, kofia mkononi. Alisema kama Mwokozi mwenyewe husimama nje na kubisha, yeye ni nani hata asukume mlango wa watu waliolala? Tajiri aliyeletwa kwa msafara wa magari na mlevi aliyeokotwa mtaroni wote aliwaita "mzee wangu", akawaomba radhi kwa ubaridi wa maji. Tulimtania sana. Shemeji yetu, mkewe, alilalamika kwamba ameolewa na mgeni, mume anayepiga hodi hata chumbani kwake. Sisi tulimuuliza siku akiitikiwa "karibu" atakimbilia wapi. Alicheka nasi, lakini swali hilo hakulijibu hata mara moja.

Kisha akaja mganga mkuu mpya, msomi na mchapakazi, akaipiga marufuku hodi ile. Alisema inawatisha wafiwa na kuiaibisha hospitali. Bwana Hodi alijibu, ndiyo daktari. Akawa anaingia kimya, kichwa kimeinama kama mtu anayeiba.

Haikupita wiki tukaanza kusikia. Ilikuwa mchana, mashine za kufulia tumezizima tukale. Mtu aligonga mlango ule, akatulia, akagonga tena. Nilichungulia, ujia mzima ulikuwa mtupu. Mlango ulikuwa unagongwa kutoka ndani, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka.

Ikawa hivyo kila siku. Wenzangu wawili waliomba uhamisho, na mpishi akaona heri azunguke nje kwenye mvua kuliko kupita pale. Mimi nilikuwa nafua huku nasali kwa sauti. Tulimsihi Bwana Hodi abishe japo kwa kunong'ona. Akakataa. Alisema aliyefunga ndiye wa kufungua, na kwamba anayetii amri anazozipenda tu hajatii bado. Lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Wanaoletwa siku hizi, alituambia, wanavamiwa kama magunia ya stoo, na mkono unaowavamia ni wangu.

Mganga mkuu alitucheka mpaka alipokwenda kuhakikisha mwenyewe. Alishika kitasa, na upande wa pili pakagongwa, usawa wa kiganja chake. Alikuja moja kwa moja chumba cha kufulia, ambako Bwana Hodi alikuwa akitusaidia kukunja mashuka, akamwomba radhi mbele yetu sote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tangu siku ile hatujapata mkubwa msikivu kama yeye. Hodi ikarudi, na kule kugongwa kukakoma.

Amani ya Bwana Hodi haikurudi yote. Miaka yote tangu hapo, tukianika mashuka, aliniuliza kama kwa kumtii daktari aliwakosea wale walioletwa wakati wa marufuku. Nilimjibu Mungu anajua, jibu la mtu asiyejua kitu. Lilimuuma kweli jambo hilo, na mimi liliniuma kumwona akizeeka nalo.

Ijumaa, kabla ya keki na hotuba, aliomba aingie mara ya mwisho awaombe msamaha wale wa wakati wa marufuku. Chumba kilikuwa kitupu, na maji yalikuwa yamekatwa tangu jana yake kwa ajili ya matengenezo. Tulisubiri kwenye ujia. Akabisha, akasubiri, akaingia. Alikawia mpaka matroni akaanza kuchezea rozari yake.

Alipotoka alikuwa ameshika viatu mkononi. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi vifundoni, safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na nyayo za maji zilimfuata kwenye sakafu kavu. Sijawahi kuuona uso wake umetulia namna ile. Mganga mkuu alimuuliza kwa sauti ya chini kulikoni. Akatuambia kwamba mwanzoni alikataa katakata kuoshwa miguu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja kupiga magoti; lakini akaambiwa aketi na atii, naye akatii.

Hakuna aliyethubutu kuuliza ameambiwa na nani. Keki tuliikata, na yeye alikula vipande viwili.

Asante, Bwana Hodi, kwa yote uliyotufundisha bila kuhubiri. Upumzike vyema, na umri wako uwe mrefu wenye heri.