Kipande Kisichokatwa

Fungeni hilo dirisha, wanangu, kisha mkae, mmoja huku na mwingine huku, nisipate tabu ya kugeuza shingo. Msichungulie getini. Nimeyaona magari yote mawili, la Wekundu na la wale wa Nyota, makampuni makubwa ya simu, na wenyewe wanajifanya wamekuja kumjulia hali mgonjwa, ilhali tangu asubuhi hakuna aliyepanda ngazi kuniuliza nimeamkaje. Wanangoja nikate roho, ukweli ndio huo. Na wangoje, jua linawachoma wao.

Sikilizeni, na msinikatize, maana pumzi hii siyo ya kuchezea. Wewe kifungua mimba wangu, unayeketi ofisini hapo chini na kusema na wateja, mfukoni mwako mna karatasi ya Wekundu. Na wewe kitinda mimba, fundi wangu wa minara, mwenye viganja vigumu kama vya marehemu baba yako, mkobani mwako mna karatasi ya Nyota. Msitazamane hivyo! Mimi ndiye niliyewazaa. Mmeahidiwa kwamba mkishanizika mtaikata kampuni, mtayakata masafa yetu ya mawimbi ya simu vipande viwili, huyu auze chake kwa Wekundu, huyu auze chake kwa Nyota, kisha kila mtu ashike njia yake. Ndiyo maana tangu mvua zianze hamsemeshani. Mnamtuma msichana wa mapokezi, "mwambie dada", "mwambie kaka", mpaka maskini binti wa watu amekonda kwa kupanda na kushuka.

Nyumba gawaneni, sina neno. Vyumba vya juu ni vya binti yangu, vya chini ni vya kaka yake, na lile gari bovu mpeni dereva, maana amelilea kuliko nilivyowalea ninyi. Kabati langu la vyombo lisigombaniwe, likigombaniwa lichomwe. Lakini masafa siyo kabati, na siyo shamba. Shamba ukilikata katikati, kila mtu atalima upande wake. Masafa ukiyakata, lazima uache uwazi katikati, mpaka mtupu usiotumika, la sivyo mawimbi ya huyu yanaingia kwa huyu na wote wawili hamsikiki. Kwa hiyo kila mmoja hapati nusu, anapata pungufu ya nusu, na kipande chembamba kiasi hicho hakibebi mtandao wa kijiji, seuze wa bonde zima tunalolihudumia.

Nani alinifundisha? Kipara. Eh, Kipara, yule mzee mliyekatazwa kupokea hata pipi zake. Mlikuwa wadogo. Mimi nilikuwa na redio zangu za kuongoza malori, yeye ng'ambo ya barabara ana zake za kuongoza teksi, na masafa yetu yalibanana bila nafasi. Yeye akaongeza nguvu ya mtambo wake ili anizibe, nami nikaongeza wangu, sikubali mimi kuzibwa na mwanamume asiye na nywele! Basi ikawa vurugu tupu. Dereva wangu wa lori la nyanya alisikia agizo la Kipara akaenda kumchukua bibi harusi, na yule bibi harusi, kwa kuogopa kuchelewa, akapanda hivyo hivyo juu ya matenga. Mamlaka ya mawasiliano wakatufungia wote wawili. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wenye mabasi, waliobaki na wateja wetu, walitucheka mpaka basi.

Tulikutana chumba hiki hiki, tumenuniana, hata chai hakugusa. Mwishowe tukakubaliana kila mmoja amege pembeni mwa masafa yake, tuache uwazi usio wake wala wangu. Toka siku ile tukasikika. Alipozeeka, hana mtoto, alipanda ngazi hizi akihema akaniletea masafa yake, yakaungana na yangu, na ule uwazi katikati ukawa na kazi, tukapata kipande kinachotosha mtandao wa simu. Ndicho hicho kinachowalisha hadi leo. Akaniambia, "Dada, sikupi, nakukabidhi. Siku ukitaka kukikata, njoo kaburini uniamshe kwanza, uniulize." Hiyo ni amana, wanangu. Mali ya mama yenu mnaweza kuigombania, amana ya mtu haigombaniwi.

Nipe maji kidogo. Basi, inatosha.

Sasa mjiulize, majitu haya mawili yanataka nini kwetu sisi wadogo? Mjini minara yao imezidiwa. Ikifika jioni watu wanapiga simu hazitoki, na masafa hayatengenezwi kiwandani, yaliyopo ndiyo hayo. Wangeweza kujenga minara mingine, wakaisogeza karibu karibu, yale yale machache wakayatumia mara nyingi, lakini hiyo ni gharama, na kumnyang'anya mdogo ni rahisi. Zaidi ya hayo, kila mmoja anaogopa mwenzake asije akatuchukua. Wekundu hawakupendi wewe, baba, wanawachukia Nyota tu. Na bondeni hawataki kwenda. Watauzima mnara wetu kule, kwa sababu kule watu ni wachache na wananunua bando dogo dogo, tena kwa kubahatisha. Yule nesi wa zahanati anayemwitia gari la wagonjwa mama aliyeshikwa na uchungu, atapiga kwa nani? Masafa yetu ni ya chini, yanapanda vilima na kupenya kuta, ya kwao hayafiki huko. Kwao bonde ni doa kwenye ramani. Kwangu ni watu, nawajua kwa sauti zao.

Usilie, mama. Sijawakataza kuuza. Ukisharudi udongoni huwezi kumshika mtu mkono. Wakili ameandika nilivyotaka: mna sawa kwa sawa, na sahihi ya mmoja bila ya mwenzake ni bure. Lakini neno langu ni hili, na atakayelivunja mimi simo. Mkiuza, uzeni kizima, msikikate. Na kabla ya kuuza, mtapanda gari moja, ninyi wawili, bila dereva, mwende bondeni, mkamwambie nesi kwa vinywa vyenu, machoni pake. Kisha wewe binti utapanda mnara, na kaka yako atashika kamba chini, kama mlivyokuwa mkifanya zamani, na mtauzima kwa mikono yenu. Mkiweza hivyo, uzeni. Mimi nisingeweza.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime... mnaujua mwisho wake. Hawa wa getini wamekuja na kapu kabla hamjamaliza kugombana.

Kwenye meza hapo kuna redio zangu mbili za zamani. Nimezichaji mwenyewe, eti mgonjwa. Wewe mwanangu mkubwa, chukua moja, shuka ofisini. Wewe baki nami na hii. Mnakumbuka sheria yake? Ukibonyeza kitufe, unasema, husikii. Ukimaliza, sema "ova"; ukitaka kusikia, achia. Anayekalia kitufe anawaziba wote. Mimi nimekalia kitufe cha nyumba hii tangu baba yenu alipofariki, sasa kidole kimechoka. Nenda, baba. Taratibu na ngazi, ile ya tatu ni mbovu, mwite seremala.

Sogea, mama, sauti haitoki. Mungu awape riziki isiyowatenganisha. Awape watoto wenye masikio. Msinizike kwa makelele, na wale wa getini wasishike jeneza langu. Wao... maua tu, waache nje.

Amefika? Nasikia anapumua. Usibonyeze wewe. Mwache. Ni zamu yake, mwache atafute maneno...

Eh! Umesikia? Amesema "dada". Hakusema "mwambie". Amekuita mwenyewe.

Mjibu, mwanangu. Bonyeza. Mimi nimemaliza. Ova.