Taa Iliyofuta Sura ya Mama

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimsukumia kadi mpiga picha wa ofisi ya vitambulisho. Kwenye picha ya kadi, uso wa mama ulitoka mweupe kama sahani. "Hospitali wamenikataa, eti huyu si mimi. Na wewe ndiye uliyenipiga picha!"

"Mama yangu, taa ya kupigia picha pale ofisini ni ya enzi za filamu. Haielewani na kamera yetu mpya, inawaka kwa nguvu zote. Ilitakiwa niipunguze kwa mkono."

"Huo mkono ulikuwa na kazi gani?"

"Wakubwa wamekiziba kitufe cha kuipunguza kwa gundi, eti tutaharibu mali ya ofisi."

Wakubwa haohao, nikawaza mimi nyuma yao! Mke wangu alikufa bila kutibiwa, akisubiri kadi yao.

"Basi twende ukawaambie hivyohivyo," mama akamwambia.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya vitambulisho. Mama akashuka. Mpiga picha akasema yeye anashuka kituo kinachofuata.